Shamba la Nabothi na Mpingo wa Kusini



Wapendwa waamini, juma hili tunawaalika msome sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Tumezoea kulihubiri simulizi hilo kama habari ya mfalme mnyang'anyi, na mwishowe ndivyo lilivyo. Lakini Ahabu hakuanza kwa damu. Alianza kwa bei: alimwahidi Nabothi shamba la mizabibu lililo bora zaidi, ama fedha. Kwa hesabu za sokoni hapakuwa na dhuluma. Nabothi alikataa kwa kuwa lile lilikuwa urithi wa baba zake.

Tunalikumbusha kwa sababu wapo wasomi, nasi twawaheshimu, wanaofundisha kwamba misitu inateketea kwa kukosa bei. Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake walikadiria kwamba huduma ambazo maumbile humpa mwanadamu duniani kote zina thamani ya wastani wa dola za Marekani trilioni 33 kwa mwaka. Hoja yao ina uzito. Ndugu zetu wa Newala wanajua jinsi mvua inavyozama katika mchanga wa uwanda wa juu, na maji kuchimbuka chini mabondeni. Nani huyaandika maji hayo katika stakabadhi ya gogo? Nani huandika nyuki, au mizizi ya dawa?

Hata hivyo, si kweli kwamba misitu ya kusini iliangamia kwa kukosa bei. Bei ilikuwepo! Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, malori yaliufuata mninga, mkongo na mpingo. Ripoti ya TRAFFIC ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ya mbao ambayo serikali kuu na halmashauri zingeweza kukusanya yalikuwa yakipotea. Wanunuzi wa ng'ambo walijua vema wanacholipia. Aliyepunjwa ni mwanakijiji, na kumwambia huyo kwamba kosa lake ni kutojua thamani ya msitu ni kumtukana. Mmakonde achongaye mpingo afundishwe na nani thamani ya mpingo?

Kwa hiyo twasema wazi: kabla ya kuuliza msitu una thamani gani, tuulize ni nani mwenye kuuza. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake, kuusimamia, na kubaki na mapato yake. Kijiji kisichotenga hubaki mtazamaji, kwa maana mrabaha wa miti hiyo huenda serikalini. Wenzetu wa Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, walitenga. Mwaka 2009, kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo la hukohuko Kilwa, misitu yao ilipata cheti cha FSC, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Mpingo uleule, klarineti zilezile za Ulaya. Kilichobadilika ni mkono ulioshika kalamu.

Tunajua jibu la baadhi yenu: "Baba Paroko, watoto wanadaiwa ada, wewe watuhubiria miti." Mama anayeuza gunia la mkaa ili mwana asome hatumhukumu. Ugomvi wetu ni na kamati inayogonga muhuri pasipo mkutano mkuu wa kijiji, kisha ikaja kuketi mbele siku ya Dominika.

Na tusijitoe sisi wenyewe. Misioni ya Lukuledi ipo tangu mwaka 1895, nasi wana wa Kanisa tumeezeka na kutengeneza mabenchi mengi tangu hapo. Ni mara ngapi tulimuuliza mwenye mbao alikozitoa? Halmashauri ya Walei itakapokutana kupitisha manunuzi, swali hilo litakuwa la kwanza katika ajenda, na tutaliuliza sisi.