Dawa ya Kuunyima Uvimbe Damu: Mgonjwa Aelezwe Ukweli Wote

Uvimbe wa saratani hauwezi kukua bila lishe. Mwaka 1971 daktari mpasuaji wa Marekani, Judah Folkman, alitoa hoja kwamba uvimbe huchochea mishipa mipya ya damu iote kuulisha, na kwamba mishipa hiyo ikizuiwa, uvimbe hudumaa. Miongoni mwa matunda ya hoja hiyo ni bevasizumabu, kingamwili ya maabara inayoinasa protini ya VEGF, ambayo huchochea mishipa kuota. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha dawa hii kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa.

Uwezo wa dawa hii umethibitika. Linalohitaji kujadiliwa ni maelezo anayopewa mgonjwa kabla familia yake haijauza shamba ili kuilipia.

Saratani ya mlango wa kizazi huua wanawake wengi Afrika Mashariki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu saratani hiyo ikiwa imesambaa au kurudi, nusu ya waliopewa tibakemikali pekee waliishi zaidi ya miezi 13. Walioongezewa bevasizumabu, nusu yao walivuka miezi 17. Miezi minne hiyo ina thamani kubwa kwa mama anayesubiri kumwona mwanawe akimaliza shule. Hata hivyo, isiitwe uponyaji.

Tena ina madhara yake. Shinikizo la damu hupanda, vidonda huchelewa kupona, utumbo waweza kutoboka, na baadhi ya wanawake hupata fistula, hasa waliowahi kutibiwa kwa mionzi. Ndiyo maana shinikizo la damu na protini katika mkojo hupimwa mara kwa mara, na dawa haitolewi kabla ya siku 28 kupita tangu upasuaji mkubwa.

Wala uvimbe kudumaa si lazima kurefushe maisha. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilifuta idhini ya bevasizumabu kwa saratani ya matiti, kwa kuwa haikuthibitika kuwa inawaongezea wagonjwa umri.

Kwa hiyo kila mgonjwa aelezwe mambo matatu kwa lugha anayoielewa: muda anaoweza kuupata, madhara yanayoweza kumfika, na gharama yote hadi mwisho. Akikubali, ahudumiwe, akikataa, aendelee kutunzwa na kutulizwa maumivu kwa heshima ileile. Asiyeelezwa hawezi kusemwa amechagua.