Freni Kwanza, Kiisha Moteri



Tangu wiki tatu, uwanjani mpaka dortwari, hakuna habari ingine paka ile ya kinga ya moteri. Wenzetu wa seksio ya mekanike wanaomba vitu viwili: ruhusa ya Bwana Prefe na makuta ya kese ya wanafunzi. Wanataka kutwaa ile baiskeli ya okazi ya pine nene, ile ya Kiamerika inayoitwa kruza, wafunge moteri ndogo katikati ya kadri yake, waipake rangi, waifanye ifanane na pikipiki za miaka ya 1910, kiisha waionyeshe siku ya kufunga mwaka.

Wengine wanapiga makofi. Wengine wanasema: "Ile ni muchezo ya batoto, makuta yetu itaenda bure." Kuna hata wanaosema kwamba kazi ya mikono ni ya wale walioshindwa na masomo. Mimi kama kapita nimeulizwa mara nyingi niko upande gani. Najibu hapa kwa maandiko, ili kila mtu asome kwa utulivu. Niko upande wa kuitengeneza. Lakini naweka sharti moja, na sharti hilo si dogo: tuanze na freni. Moteri ingoje.

Nianze na wale wa "muchezo ya batoto". Ndugu zangu, ile pikipiki inayowapeleka mama zenu sokoni, mnafikiri ilianguka kutoka mbinguni? Ilizaliwa kutoka baiskeli. Mwaka 1897, kule Paris, ndugu wawili, Michel na Eugène Werner, walitwaa baiskeli wakaifunga moteri ndogo juu ya gurudumu la mbele. Ilitembea. Lakini uzito ulikuwa juu na mbele, na barabara ikiloa, ilikuwa inateleza na kumwangusha mwenyewe. Hawakuacha. Kufika mwaka 1901 walikuwa wamekwisha kushusha moteri chini, katikati ya kadri, pale pedali zinapozunguka. Mpaka leo pikipiki karibu zote zinafuata mpango huo. Kumbe wale ndugu hawakuvumbua moteri mpya. Walitafuta tu pahali pazuri pa kuiweka.

Kule Marekani, George Hendee alikuwa mtengenezaji wa baiskeli mbele ya kuanza, mwaka 1901, pikipiki za Indian pamoja na fundi Oscar Hedstrom. Katika mji wa Milwaukee, William Harley na Arthur Davidson walijaribu moteri yao ya kwanza katika kadri ya baiskeli. Ikashindwa kupanda vilima kama mtu hakuisaidia na pedali. Basi wakatengeneza moteri kubwa zaidi na kadri yenye nguvu zaidi, mwaka 1903. Na mwaka 1946, kiisha vita, Soichiro Honda wa Japani alitwaa moteri ndogo ambazo jeshi lilikuwa limetumia kwa kuendesha redio, akazifunga kwenye baiskeli. Mwaka 1947 akatoa moteri yake mwenyewe. Mwaka 1948 akaanza kampuni. Leo ni nani asiyejua jina Honda?

Na ile kruza yenyewe iko na historia yake. Mwaka 1933, wakati wa taabu kubwa ya uchumi, Schwinn wa Chicago alianza kuuza baiskeli za pine nene, upana wake zaidi ya santimeta 5, nguvu kwa matumizi ya vijana. Mwaka 1939, kule California, ilianza kuuzwa moteri ya kufunga kwenye baiskeli iliyoitwa Whizzer. Kwa hiyo wenzetu hawaleti wazimu mpya. Wanafuata njia ambayo wengine walipita, na si batoto peke yao waliopita humo.

Sasa nafika kwa sharti langu. Wenzetu wanasema: "Tunataka sura ya zamani." Vizuri. Lakini sura ya zamani iko na sababu zake, na sababu zingine ni za kifo.

Zile pikipiki za 1910 wanazopenda, zenye tanki ndefu nyembamba chini ya bomba la juu na gidoni iliyopinda chini, nyingi zilikuwa za mashindano. Zilikuwa zinakimbia kwenye viwanja vya mviringo vilivyojengwa kwa mbao, vyenye pembe zilizoinuka kama ukuta. Pikipiki zile hazikuwa na freni. Hamkusoma vibaya: hazikuwa na freni. Walifikiri kwamba uwanjani wote wanakwenda upande mmoja, tena freni inaongeza uzito. Tarehe 8 mwezi wa 9 mwaka 1912, katika uwanja wa Newark, mwendeshaji Eddie Hasha alipoteza njia kwa mbio kali, akapanda juu mpaka kwa watazamaji. Akafa yeye, akafa mwendeshaji mwenzake, wakafa na watazamaji kadhaa waliokuja tu kuangalia. Mwisho wa miaka ya 1920 mashindano yale ya mbao yalikuwa karibu yamekwisha.

Basi nauliza: tunataka kuiga nini? Kama ni tanki, gidoni na rangi, sawa. Kama ni kukosa freni, hapana. Barabara yetu haiko uwanja wa mbao. Humo kuna mbuzi, kuna kamio, kuna watoto wa shule ya msingi, kuna wale baba wanaosukuma kinga za makala kuelekea Lubumbashi, mzigo umewapita kichwa, hawaoni nyuma.

Ninyi wa seksio ya sayansi, formuli mnaijua: nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo. Kinga ya pedali inakwenda kilometa 15 kwa saa. Tia moteri ndogo, itafika kilometa 45. Mwendo umeongezeka mara 3, lakini nguvu ya kuzima imeongezeka mara 9. Kama freni yako ilikuwa inakusimamisha kwa metre 3, freni ileile itakusimamisha kwa metre 27. Pima metre 27 pale uwanjani kwa hatua zako, kiisha uniambie kama mtoto anayepita njia atakungoja.

Tena kruza nyingi ziko na freni moja tu, ile ya ndani ya gurudumu la nyuma, unayofunga kwa kurudisha pedali. Ile freni inategemea sheni. Sheni ikitoka ao ikikatika, freni imekwenda nayo. Na wakati wa kusimama, uzito wa mtu unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi. Kwa hiyo freni ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, na kruza yetu haiko nayo. Neno lingine: mkono wa kushoto utashika ambreyaji, ile inayoachanisha moteri na gurudumu. Unabaki mkono wa kuume tu kwa freni. Mambo haya yanapashwa kufikiriwa mezani na kalamu. Ukingoja kuyafikiri kwenye mteremko, umechelewa.

Moteri yenyewe si siri. Zile zinazouzwa kwa kufunga kwenye baiskeli, nyingi ni za mapigo mawili, ndogo, nguvu yake ni kama farasi 2. Haiko na mafuta yake pembeni: mafuta yanachanganywa ndani ya esansi, na mwanzoni wanatia mengi zaidi, sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 16 za esansi, mpaka vyuma vizoeane. Unaanza kwa pedali, unaachia ambreyaji, moteri inashika. Hapo ndipo wote wanapiga kelele ya furaha.

Lakini tazama gurudumu la nyuma. Lile gurudumu dogo la meno linalopokea sheni ya moteri linafungwa kwa rayo, katikati ya vipande vya mpira, na buloni 9. Kama halikuwekwa katikati kabisa, sheni inaruka na rayo zinakatika. Rayo za kawaida ziko za milimeta 2. Kwa moteri inafaa zile nene. Kuna na kile kigurudumu kinachokaza sheni. Kikilegea, kinazunguka na kuingia ndani ya rayo, gurudumu linasimama palepale, na mwenye kuendesha anaendelea mbele peke yake. Na mtetemo wa moteri unalegeza ekru zote pole pole. Fundi mzuri anashika ufunguo kila mara mbele ya kutoka, hata kama jana alikaza. Na asitoboe kadri kwa kutafuta pahali pa buloni: bomba lililotobolewa litapasuka siku moja, na haitakuwa siku ya kupenda kwako.

Mnaona sasa kwa nini sikubali neno la "kazi ya walioshindwa na masomo"? Katika kinga hii moja mna fizika, mna hesabu, mna kemia ya esansi, mna desini, mna historia. Mwanafunzi anayejua formuli lakini hawezi kunyoosha gurudumu, amesoma nusu. Na yule anayenyoosha gurudumu bila kujua formuli, amesoma nusu ingine. Wakae pamoja. Nchi yetu iko na mafundi: watu wa Goma walichonga chukudu kwa mbao, na inabeba mizigo mikubwa mpaka leo. Hawakuona haya kwa sababu ni ya mbao. Tena hata chukudu iko na freni, kipande cha mpira unachokanyaga na mguu juu ya gurudumu la nyuma! Sisi wenye vitabu tushindwe na chukudu?

Nabakiza neno la makuta. Kese ya wanafunzi si ya seksio moja. Ndani yake kuna franga za wenzetu wanaotembea kwa miguu saa nzima asubuhi, na wazazi wao wanalipa masomo kwa shida. Hawa wana haki ya kuuliza: "Sisi tutapata nini?" Jibu la "mtaangalia siku ya sherehe" halitoshi. Jibu linalotosha ni hili: atelie itakayotengeneza freni ya kruza itajua kutengeneza na freni za kinga za baba zetu. Wengi wanashuka vilima na mizigo ya makala ao mahindi, wakisimamisha kinga kwa soli ya kiatu. Kama Posho moja kwa mwezi wenzetu watafungua atelie, wanyooshe magurudumu na kukaza freni za wanafunzi na wazazi wao bila malipo, mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono kwa kutoa makuta.

Basi mawazo yangu, kwa kifupi:

1. Makuta yatolewe mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa freni mbili, rayo nene, pine na gurudumu. Mara ya pili ni kwa moteri, kiisha mwalimu wa mekanike kujaribu freni na kutia sahihi yake.

2. Kila seksio itoe watu wawili katika kazi, na wasichana wawemo, si kwa kushika kitambaa, lakini kwa kushika ufunguo.

3. Kinga isitoke nje ya lango. Itaendeshwa uwanjani, na mtu mmoja, mwenye kasiki kichwani, na watazamaji watasimama mbali, nyuma ya kamba.

4. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Rangi inaficha makosa ya sudire.

5. Daftari liandikwe kila siku: kilichofanywa, kilichoharibika, kilichogharimu. Sisi wa darasa la mwisho tunakwenda na Egzetat, hatutarudi. Daftari litabaki kwa wadogo zetu.

Najua wenzangu wa mekanike watasema kapita anapunguza utamu. Watasema: "Freni haipigi kelele, nani atakuja kuangalia freni?" Ni kweli, freni haipigi kelele. Lakini ndugu Werner walipata jina kwa sababu walikubali kufungua tena kazi yao na kushusha moteri pahali panapofaa, hata kama ilikuwa inatembea tayari. Kazi inayotembea haijawa bado kazi nzuri. Ikitembea na ikasimama pale mtu anapotaka, hapo ndipo imekuwa nzuri.

Bwana Prefe, tunaomba ruhusa kwa masharti haya. Ninyi wa seksio ya mekanike, mukutano ni Posho kiisha mpira. Leteni karatasi yenye desini ya freni ya mbele, na bei yake. Moteri tutaizungumza siku ingine.

Kapita wenu,
mwanafunzi wa darasa la mwisho