Rubani Asiye na Ratiba

Wazee wa reli waliojengewa mtaa wa Makongeni walikuwa na ratiba ukutani. Mwanao akisema anataka kuwa rubani, fahamu kwamba wengi huanzia ndege ndogo za Wilson, ambako ratiba hupangwa na mzigo. Chukua miraa. Ikipita siku mbili haina kazi tena. Rubani hungoja pikapu kutoka Maua, kisha hukimbizana na jua, maana viwanja vingi vya nyikani havina taa. Somalia ilipoipiga miraa marufuku, tangu Machi 2020 hadi Julai 2022, safari hizo zilikatika. Aliyelipwa kwa saa za angani alikula nini? Basi kabla hujauza ploti ulipe karo ya urubani, mtafute mke wa rubani umuulize mumewe hula chajio nyumbani mara ngapi.