Roboti Kabla ya Chuo Kikuu

Siku hizi husemwa sana kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu hawana budi kuunda roboti ili wakuze ubunifu na kufikiri kwa utaratibu wa kompyuta. Yaani kuligawa tatizo katika sehemu ndogondogo, kupanga hatua za kulitatua, kuzijaribu na kuzisahihisha. Ni jambo jema. Lakini mwanafunzi aliyekaririshwa tangu darasa la kwanza hatageuka mbunifu kwa kukabidhiwa mota na nyaya. Kazi hii, ndugu walimu wanafunzi, huanzia kwetu.

Mtazameni mtoto wa Tunduma. Huyaona malori yakipanga foleni kuvuka mpaka kwenda Nakonde, naye huunda lake kwa waya, makopo na soli za kandambili. Likivuta upande mmoja, hulipindua, hutafuta kasoro, hukaza waya, hulijaribu tena. Hiyo ndiyo njia ya mhandisi. Hata hivyo wapo walimu wanaomnyang'anya gari hilo langoni mwa shule, kisha wakaingia darasani kuandika ubaoni faida tano za sayansi! Sioni udhuru wao.

Mwaka 1967 Seymour Papert na wenzake huko Marekani walibuni Logo, lugha ya kompyuta kwa watoto. Baadaye watoto wakaitumia kumwamuru kobe wa mashine atembee sakafuni na kuchora maumbo. (Ni mwaka uleule Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea.) Kobe huyo twaweza kumpata bila umeme. Mwanafunzi mmoja awe kobe. Wenzake waandike maagizo ya kumtoa mlangoni hadi ubaoni: mbele hatua nne, geuka kulia, mbele hatua mbili. Kobe atii yaliyoandikwa tu, wala asiwahurumie. Akigonga dawati, mwalimu asitoe jibu. Maagizo yasomwe upya, mstari wenye kosa utafutwe. Kisha wamwamuru atembee mraba. Wengi wataandika "mbele hatua tatu, geuka kulia" mara nne. Huenda mmoja akauliza kama yatosha kuandika mara moja na kuongeza "rudia mara nne". Mwalimu asimtangulie mtoto huyo.

Mtauliza juu ya darasa la watoto themanini. Watoke uwanjani kwa vikundi vya wanane, wachore ardhini kwa vijiti. Kelele zitakuwapo, mwalimu mkuu akija kuuliza, aonyeshwe maagizo yaliyosahihishwa madaftarini.

Katika mazoezi ya kufundisha yajayo, nitakapokagua maandalio yenu ya hisabati, nitatafuta mahali ambapo mwanafunzi ameachiwa kosa lake alisake mwenyewe.