Kiu ya Mtoto na Tone la Pili la Damu

Katika miji yetu ya pwani, zinapovuma pepo za kaskazi tangu Desemba hadi Machi na jua likakaa juu ya mabati kana kwamba limetia nanga, hakuna jambo la kawaida kuliko mtoto kuomba maji. Na kwa kuwa ni la kawaida, wazee wa nyumba hulisikia pasipo kulisikiliza. Mtoto aliyepita umri wa kusimama dede na sasa akimbia uani hana maneno mengi ya kujieleza, lakini neno la maji analo, aghalabu ni katika maneno yake ya awali, naye hulitaja asubuhi, akalitaja adhuhuri, akapewa, akanywa, akaenda zake kucheza. Nani atakaa kuhesabu mafunda yake?

Jirani yangu mmoja, bibi mwenye wajukuu tisa na mwenye sifa mtaani ya kuyajua maradhi ya watoto kuliko wengi wanaolipwa mshahara kwa ujuzi huo, hakuhesabu. Mjukuu wake wa miaka miwili na nusu alikuwa akinywa kupita kiasi, usiku akiamka kulilia maji, na mara mbili alikutwa ameinamia ndoo ya kuogea akinywa kwa viganja. Mkeka aliolalia ulilowa kila alfajiri, ilhali miezi mitatu nyuma alikuwa amekwisha kuacha kikojozi na kusifiwa kwa hilo. Hukumu ya nyumba ikapita upesi: maji ndiyo yaletayo mkojo, basi azuiwe maji. Kata ikatundikwa juu asikoweza kuifikia, mtungi ukafunikwa na juu ya kifuniko ukawekwa mchi.

“Mama, mtoto analia kiu,” binti yake akamwambia.

“Mwache alie, mwanangu, atazoea. Hata wewe nilikulea hivi hivi.”

Simlaumu bibi yule, maana akili yake ilifuata njia ambayo akili ya kila mmoja wetu ingeifuata: hupunguzwa kiingiacho ili kipungue kitokacho. Lakini katika maradhi ya kisukari yanayowapata watoto mfuatano wa mambo umepinduka. Kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya mfuko wa chakula, huacha kutoa insulini kwa sababu kinga ya mwili imeasi ikaziangamiza chembe ziitengenezazo. Sukari itokanayo na uji na muhogo hukosa idhini ya kuingia katika misuli, ikajirundika katika damu, na inapofikia milimoli 10 hivi kwa lita figo hulemewa, sukari ikamwagika katika mkojo, nayo haitoki peke yake bali hukokota maji pamoja nayo. Mkojo hutangulia, kiu hufuata. Mtoto huyu hakojoi kwa kuwa amekunywa. Anakunywa kwa kuwa amekojoa, na kumnyima maji ni mithili ya kuacha kuujaza mtungi uliotoboka kwa kutaraji kuwa tundu litajiziba lenyewe. Hula akakonda, maana chakula chake chapita mwilini kama msafiri asiyeshuka kituoni.

Wagiriki wa kale waliyapa maradhi haya jina lenye maana ya mrija upitishao maji, na tabibu wao Aretaeus wa Kapadokia aliyaeleza kuwa ni kuyeyuka kwa nyama ya mtu ikageuka mkojo. Matabibu wa Bara Hindi waliuita mkojo wa asali, wakaandika kuwa sisimizi huuandama. Na Ibn Sina, aliyefariki 1037, hakuacha kuutaja utamu huo katika kitabu chake cha tiba, Al-Qanun. Bibi jirani yangu hakusoma kitabu hata kimoja katika hivyo, lakini aliponisimulia kisa hiki baadaye alinyamaza ghafla, kisha akasema kuwa pale chini ya mpapai, mahali mtoto alipozoea kuchutama, palikuwa na sisimizi wengi kila asubuhi, naye alikuwa akiwafagia.

Wiki ya tatu mtoto alianza kutapika na kulalamika tumbo. Akapelekwa zahanati. Kidole kikatobolewa, tone la damu likatiwa katika kipimo cha malaria, ukatoka mstari mmoja, maana yake hana malaria. Hata hivyo akaandikiwa dawa ya malaria kwa tahadhari, na kwa kuwa alikuwa amelegea sana mama yake akashauriwa amkorogee glukosi ya unga apate nguvu. Namwomba msomaji atue hapa kidogo: mtoto ambaye damu yake imefurika sukari hata figo zimeshindwa, akanyweshwa sukari, kwa huruma, kijiko baada ya kijiko, na mama aliyekuwa akimpenda.

Usiku wa pili mtoto alianza kuhema kwa pumzi ndefu za kina, kama mtu aliyepanda mlima na mzigo kichwani, na kinywa chake kikatoa harufu ya tunda lililoiva hata likaanza kuchacha. Hizo zilikuwa dalili za tindikali: mwili uliokosa njia ya kuitumia sukari huchoma mafuta yake wenyewe, na majivu ya moto huo, tukiyaita hivyo, ni ketoni ziutiazo uchungu katika damu. Katika hospitali kubwa alikopelekwa wazo la kwanza lilikuwa nimonia, na kwa yule aliyekuwa zamu wazo hilo halikuwa la kijinga, kwa maana mtoto alikuwa akihema. Aliyemwokoa ni muuguzi mmoja aliyetaka kumbadilisha nepi, akaona kitu kisicholingana na kingine: macho yamedidimia, ulimi umekauka kama gome, na nepi imelowa tepetepe. Mtoto aliyekaushwa na kuhara hubana mkojo wake, kwa kuwa mwili wake wajua kuweka akiba. Huyu alikuwa mkavu na bado anamwaga. Muuguzi akaitisha mashine ya sukari. Mashine haikutoa namba. Ilitoa alama tu ya kuarifu kuwa sukari imepita upeo wa hesabu zake.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu, baada ya siku nne za dripu ya maji ya chumvi na insulini iliyotolewa kwa kipimo kidogo kidogo, kwani tiba ya hali ile hutaka macho yasiyolala, ubongo wa mtoto usije ukavimba.

Baadaye nilikwenda katika zahanati ile ya kwanza, si kwa kugomba, bali kwa kuuliza kama wanayo mashine ya kupimia sukari. Wanayo. Imo katika kabati la chumba cha pili, na hutolewa kila Alhamisi, siku ya kliniki ya wenye kisukari na shinikizo la damu. “Mzee, ile ni ya watu wazima,” kijana aliyekuwa zamu akaniambia kwa adabu kamili.

Basi nina ombi moja kwa wanaoendesha zahanati zetu. Mtoto anapotobolewa kidole kwa ajili ya malaria, naye anatapika, au anahema, au amekonda, au mama yake asema anakunywa na kukojoa kuliko ilivyo desturi yake, lisifutwe tone la pili la damu kwa pamba. Litiwe katika kipimo cha sukari. Kidole kimekwisha kuumia na kilio kimekwisha kutoka. Kipimo cha malaria huchukua robo saa na zaidi kusomwa; cha sukari hujibu kwa sekunde chache. Mtoto mwenye dalili hizi akikutwa na milimoli 11.1 au zaidi apelekwe hospitali saa ile ile, bila ya kungoja asubuhi na bila ya kuambiwa arudi akiwa hajala.

Najua nitajibiwa kuwa vijiti vya mashine vina gharama, kwamba kichupa kikisha kufunguliwa huanza kuhesabu siku zake za kuharibika, na kwamba maradhi yenyewe ni nadra. Hoja ya mwisho ndiyo inayonishughulisha. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa 1993 ulikuta kuwa kisukari cha watoto ni kichache mno hapo ukilinganisha na nchi za Ulaya, na sina sababu ya kukanusha kuwa Mfini, ambaye nchi yake yaongoza duniani kwa maradhi haya, huugua zaidi kuliko Mzaramo. Lakini hesabu ya maradhi hupatikana kwa waliotambuliwa, na mtoto aliyezikwa kwa jina la malaria au nimonia hakuingia katika daftari la kisukari hata siku moja. Ama gharama, mashine ile ile inatakiwa iwe karibu na mtoto kwa sababu nyingine kabisa: aliyezimia kwa malaria kali hupimwa sukari kwa hofu ya kuwa imeshuka. Kwa hiyo kuifungia mpaka Alhamisi ni kosa hata kwa wasiokubali neno langu.

Sitaki hata hivyo kuwatia wazazi wahaka wa bure. Watoto walio wengi wenye kunywa sana hawana maradhi: ni joto, ni chumvi ya vitafunio, au ni mazoea ya chupa ya sharubati ambayo mtoto ameifanya mwenzi wa usingizi. Huyo wa mazoea hujulikana kwa urahisi; mpe maji matupu uone atakavyoyasukuma, na mara nyingi hulala usiku kucha pasipo kuyakumbuka. Mwenye kutaka kipimo aweza kutumia kanuni waliyoiweka matabibu wawili wa Marekani, Holliday na Segar, mwaka 1957 kwa ajili ya watoto waliolazwa: mililita 100 kwa kila kilo katika kilo kumi za mwanzo, kisha 50 kwa kila kilo ya ziada hadi kufika ishirini. Mtoto wa kilo 12, kwa hesabu hiyo, ni lita moja na kidogo juu yake kwa siku nzima, maziwa na uji vikiwamo, na siku za joto kali huzidi. Akinywa maradufu ya hapo siku baada ya siku, na usiku pia, lipo jambo. Lakini anayetapika au kuhema asikaliwe na kikombe cha kupimia, aondoke nyumbani.

Na lipo jambo hata pale sukari inapokutwa sawa. Mtoto mwenye selimundu, maradhi ambayo nchi zetu za Afrika Mashariki zimejaaliwa kuwa nayo tele, figo zake hupoteza mapema uwezo wa kuukoleza mkojo, hivyo hukojoa sana, hunywa sana, na usiku hulowesha mkeka. Nimepata kuona mtoto wa namna hii akichapwa kwa uvivu wa kuamka. Yapo tena maradhi ya nadra ambayo ubongo hautoi homoni ya kuuzuia mkojo, au figo haziitii, na mtoto hukojoa kitu cheupe kama maji ya mvua, akanywa chochote akionacho, hata maji ya kufulia. Huyo ukimfungia mtungi, chumvi hupanda katika damu yake akapata degedege kabla hujamaliza kumfunza adabu. Kwa hiyo mtu asiyejua kwa nini mtoto ana kiu hana ruhusa ya kumzuilia maji. Ampe, na huku anampa ampeleke kwa tabibu.

Dawa ya kisukari ipo, na ina umri zaidi ya miaka mia. Tarehe 11 Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini katika hospitali ya Toronto, na baada ya siku kumi na mbili, ilipokwisha kusafishwa vema, akadungwa tena akapata nafuu. Waliomtangulia walitibiwa kwa njaa tu, na njaa haikuwaponya. Tangu 2009 upo mpango wa kampuni ya Novo Nordisk wa kuwapa watoto insulini bila malipo katika nchi kadhaa, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo. Lakini kichupa hicho hukaa katika jokofu la kliniki kikimngoja mtoto aliyekwisha kutambuliwa.

Katika mji wa Parma, Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, matabibu walibandika picha mashuleni na kwa madaktari wa watoto, zikiwaambia wazazi kuwa mtoto anayeanza tena kukojoa kitandani, akinywa na kukojoa mno, apimwe sukari. Kabla ya picha hizo, karibu wanane katika kila kumi ya watoto wa umri wa shule walifikishwa wakiwa wamekwisha kuingia katika tindikali. Katika miaka iliyofuata, hadi 1997, aliyefika katika hali hiyo alikuwa mmoja katika kila wanane. Kuta za zahanati zetu zina picha ya mbu, na ya mikono inayonawa, na ya mama anyonyeshaye, zote nzuri na zote za lazima, na bado ipo nafasi kati ya dirisha na mlango. Atakayepewa kazi ya kuchora hapo asitafute mengi: achore kata iliyotundikwa juu, mkeka uliolowa, na chini ya mpapai sisimizi.