Chagua bandari kwanza, meli baadaye

Watu wa Mombasa na Unguja wanaijua likizo ya meli ya kitalii kwa upande ambao vipeperushi haviuonyeshi, yaani upande wa gati. Asubuhi meli inafunga, mabasi yanapanga foleni, wageni wanazungushwa Fort Jesus na Mji wa Kale, au vichochoro vya Mji Mkongwe, wananunua vinyago na viungo, na jua likianza kushuka wanarudi melini. Anayeondoka Unguja saa kumi na moja jioni haioni Forodhani ikiwashwa taa, wala hanusi pweza akichomwa. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hata siku moja haikamilishi. Basi wenyeji wa pwani hii tuna ujuzi utakaotufaa zamu yetu ya kuwa wageni ikifika, iwe ni familia ya Nairobi inayotafuta safari ya Ghuba kutokea Dubai, au ndugu zetu wa Marekani wanaoitazama Karibi. Safari ya namna hii ipimwe kwanza kwa saa ambazo meli itakaa bandarini. Ukubwa wa chombo na starehe zake vifuate nyuma.

Matangazo yanavuta upande wa pili. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba watalii Januari 2024, ina ukubwa wa karibu tani 250,000, zaidi ya mara tano ya Titanic, na inaweza kuchukua abiria 7,600. Ina mabwawa saba ya kuogelea. Meli ya aina hiyo hujengwa ili abiria asitamani kushuka, na sababu yake ni ya kibiashara. Katika kampuni kubwa kama Carnival, karibu theluthi moja ya mapato hutokana na yale anayouziwa abiria mbali na nauli, na vinywaji na kasino vimo humo. Kasino na maduka yasiyotozwa ushuru kwa kawaida hufungwa meli ikiwa bandarini. Kila saa unayotembea mjini, basi, milango hiyo imefungwa. Sisemi kampuni zinamdhulumu mtu. Zinauza kinachozilipa, na kazi ya kuisoma ratiba imebaki kwa mnunuzi.

Tena kuisoma huko kunataka utulivu, maana jina la bandari peke yake halitoshi. Tuchukue safari za Alaska zinazoanzia na kuishia Seattle. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazibana meli zenye bendera ya kigeni, na meli kubwa za kitalii karibu zote ni za namna hiyo, hivyo lazima ziguse nchi nyingine njiani. Ndiyo maana nyingi hupita Victoria, Kanada, mara nyingi jioni ya mwisho, kisha huondoka kabla ya usiku wa manane. Kwenye kipeperushi Victoria inahesabiwa bandari moja sawa na Juneau. Venice nayo, tangu Agosti 2021, meli za zaidi ya tani 25,000 haziruhusiwi kupita mfereji wa Giudecca, kwa hiyo safari inayotangazwa kwa jina la Venice inaweza kuanzia Ravenna, zaidi ya kilomita 100 kutoka mji wenyewe. Santorini meli hutia nanga mbali na abiria hushushwa kwa mashua, halafu wanasubiri gari la waya la kuwapandisha jabalini. Ratiba ikisema saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, hizo si saa tisa. Toa foleni ya kushuka, toa mashua, toa muda ambao kila abiria anatakiwa awe amerudi kabla ya kamba kufunguliwa, ndipo utajua ulichonunua.

Yupo atakayesema kwamba wengine hawataki mji, wanataka meli. Kwa mzee anayeumwa magoti, au mama mwenye watoto wadogo, kufungua sanduku mara moja na kulala kitanda kilekile wiki nzima ni raha ya kweli, na hoja hiyo naikubali bila kinyongo. Mtu wa namna hiyo achague meli kwa ajili ya meli, ila asilipie bandari nane ambazo hatashuka. Hoja ya gharama ni nzito zaidi, kwa sababu meli ndogo zinazokaa sana bandarini nyingi ni ghali. Lakini bei ya chini ya meli kubwa nayo huongezeka kwa bakshishi, vinywaji na intaneti, na si kila chombo cha kiasi ni cha anasa. Meli za pwani ya Norway, zilizoanza safari mwaka 1893, siku hizi huenda Bergen hadi Kirkenes zikibeba wenyeji na mizigo yao. Bandari ni 34, nyingine za dakika chache tu, lakini abiria anaweza kukata tiketi ya kipande kimoja, akashuka Tromsø, akalala huko.

Sisi wenye pasipoti za Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada, nayo ni viza. Ratiba inayogusa nchi tano kwa siku saba inaweza kudai viza kadhaa, na anayetoka Ugiriki, akashuka Kuşadası nchini Uturuki na kurejea visiwa vya Ugiriki, anahitaji viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja. Nchi moja au mbili, bandari chache, makao marefu: hapo karatasi hupungua na mji hupata nafasi. Muulize wakala saa ya kufunga gati na saa ya mwisho ya kurudi melini kwa kila bandari, kisha uliza kama upo usiku ambao meli inalala hapohapo. Ukiwepo, usile chakula cha jioni melini usiku huo.