Amplifaya ya Vali na Uchaguzi wa Vali Zake

Amplifaya ya vali haina haraka. Ikiwashwa hukaa kimya karibu nusu dakika, mpaka nyaya zilizomo ndani ya vali zipate moto, ndipo sauti hutoka. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, iliziondoa vali katika redio za nyumbani. Hata hivyo wapiga gitaa na wapenzi wa santuri hawajaziacha, kwani amplifaya hiyo ikizidiwa haikwaruzi kwa ghafla, bali sauti huanza kukolea kidogo kidogo.

Gharama yake imo katika vali zenyewe, maana huchoka kama zichokavyo balbu. Hapo ndipo fedha ya nyumba hupotea, kwa kuwa wengi huchagua kwa jina lililo juu ya boksi. Jina la Mullard, mathalani, lilikuwa la kampuni ya Uingereza, lakini limepata kuchapwa pia juu ya vali mpya zilizotengenezwa Saratov, Urusi. Vali hizo si mbaya; kibaya ni kulipia kumbukumbu.

Cha kutazamwa kwanza ni namba. ECC83 ya Ulaya ndiyo 12AX7 ya Marekani, na EL84 ndiyo 6BQ5. Katika vali ndogo, mwenye chombo chenye makelele mengi aweza kuitoa ECC83, ambayo nguvu yake ya kukuza ni 100, akaweka ECC81 yenye 60. Mara nyingi chombo hutulia, na bei yake si kubwa.

Vali kubwa hazitaki mchezo huo. EL34 huingia katika soketi ya 6L6 bila taabu, lakini waya wake wa moto hula ampia 1.5 ambapo ule wa 6L6GC hula 0.9. Transfoma isiyoandaliwa kwa mzigo huo yaweza kuungua, nayo ni ghali kuliko vali zote. Vali kubwa hununuliwa kwa jozi zilizopimwa pamoja, na zikisha kuwekwa fundi hurekebisha umeme upitao ndani yake. Anayeikwepa ada ya fundi atazinunua tena mapema.

Dalili husomwa kwa macho. Mng'ao wa buluu ndani ya kioo si ugonjwa. Bamba la ndani likiwa jekundu, chombo kizimwe papo hapo. Doa la rangi ya fedha likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na vali hiyo imekufa. Vali ndogo inayolia kama kengele ikigongwa taratibu kwa penseli haifai kukaa mwanzoni mwa mkondo wa sauti.

Kifuniko cha chini kisifunguliwe na asiye fundi. Ndani mna volti 400 au zaidi, na kapasita huweza kuzihifadhi hata baada ya waya kutolewa ukutani. Umeme huo huua. Watoto nao wakingwe na vioo, kwa maana huunguza. Wala amplifaya hiyo isiwashwe kabla ya kuunganishwa na spika.

Familia ipatapo uhamisho, chombo kipoe kwanza, kisha vali zitolewe, kila moja izungushiwe kitambaa na kuandikwa namba ya soketi yake. Njia ya lori haina huruma kwa kioo.